Bahari isiyo na kupwa wala kujaa



Juma hili sitaanza na somo la Dominika bali na ndoo. Wengi wenu mlinisikia nikitangaza kanisani kwamba tunahitaji madumu matupu na mtu mwenye gari, mkadhani tumeanza tena ujenzi. Hatujengi. Madumu yale yalikuwa ya kuteka maji ya bahari kwa ajili ya tangi la samaki la mwamini mwenzetu aliye mgonjwa. Kwa kuwa habari hiyo imekwisha kuzunguka katika jumuiya, wengine wakicheka na wengine wakinung'unika, naona ni vema niieleze yenyewe pamoja na ufundi wake. Najua wapo miongoni mwenu wanaofuga samaki wa namna hiyo, nao huenda wakapata faida.

Tangi la kioo lenye maji ya bahari haliuawi na ukatili wa mwenye tangi. Huuawa na ndoo. Sijapata kumwona mtu afugaye samaki hao asiyewapenda. Anajua kwamba maji hupaswa kubadilishwa, anaijua siku, anakijua kiasi. Lakini ndoo ni nzito, mgongo unauma, sakafu italowa, basi anasema kesho. Kesho inazaa juma lijalo, na juma lijalo linazaa mwezi. Mtu wa namna hiyo ukimhubiria juu ya bidii unampotezea wakati. Afadhali umsaidie kuipunguza kazi uzito.

Kwa nini maji yabadilishwe, ikiwa yanaonekana safi? Ninyi wa pwani mnalijua jibu hata kama hamjawahi kulitamka. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo saa 24, na wakati wa bamvua tofauti ya kimo cha maji hapa Dar es Salaam hupita mita 3. Mwamba wa matumbawe, vidimbwi vya ufukweni, mikoko na vyote vikaamo hubadilishiwa maji bila mtu yeyote kushika ndoo. Tangi ni bahari isiyo na kupwa wala kujaa. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu kali. Bakteria wakaao juu ya mawe na katika mchanga huigeuza kuwa nitriti, na wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni pole kuliko hizo mbili lakini haina pa kwenda. Inalimbikizana juma kwa juma, haina rangi wala harufu, na maji yanaendelea kung'aa kama ya kisima kipya. Upande mwingine viumbe wa tangini huyatumia madini yaliyomo majini, kwa mfano kalsiamu ambayo matumbawe hujijengea nayo, na madini hayo nayo hupungua kimyakimya. Mwenye tangi akitoa sehemu ya maji na kutia mengine anafanya kazi ya mwezi na jua, ambavyo ndivyo vinavyoivuta bahari. Si ajabu akichoka.

Sasa nije kwa mzee wetu. Sitamtaja jina, ingawa wengi mnamfahamu. Alikuwa fundi wa mitambo katika vyombo vya baharini hata akastaafu. Tangi lile la lita 200, lililopo sebuleni kwake, lilikuwa la marehemu mkewe kwa mapenzi na lake yeye kwa kazi. Mama alikaa akiwatazama samaki na kuwapa majina, mzee akabeba ndoo. Mama alipofariki, mzee hakuuza wala hakugawa. Mwaka jana akapatwa na kiharusi. Mungu amemrudishia miguu kwa kiasi kikubwa, lakini mkono wa kushoto umebaki dhaifu, na daktari amemkataza kuinua vitu vizito.

Ndani ya tangi hilo wamo samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa, wenye mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni toka puani hadi mkiani. Ni wa bahari yetu hii hii, nao hukaa katikati ya minyiri ya mnyama laini wa miambani, minyiri ambayo huwachoma samaki wengine lakini wao haiwadhuru. Watoto wa Kipaimara waliokwenda kumwona mzee walipaza sauti kwamba ni Nemo, kwa sababu ya ile filamu ya mwaka 2003. Mzee, mwenye kupenda usahihi kuliko paroko wake, aliwasahihisha: yule wa filamu ana mikanda mitatu myeupe, hawa wana mstari mmoja tu. Ni jamaa, si mtu yule yule. Samaki wa kundi hili wakitunzwa huishi zaidi ya miaka 10, na hawa wa mzee wamemaliza 11 katika kioo kile.

Nilikuwa nikimpelekea Komunyo Takatifu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Siku moja baada ya sala nilimwuliza, kama tuulizavyo wagonjwa, kama kuna jambo lolote linalomwogopesha. Nilitazamia aseme kifo. Alisema, "Padre, kufa siogopi. Naogopa Jumamosi."

Jumamosi ndiyo siku yake ya kubadilisha maji. Kabla ya ugonjwa alikuwa akibadilisha lita 40 kila baada ya majuma mawili. Hebu tufanye hesabu, maana mizigo ya watu mara nyingi hatuioni mpaka tuipime. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, kwa sababu ya chumvi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na nusu. Ndoo mbili hutoka na mbili huingia, jumla kilo 82, na zile mbili za kuingia huinuliwa hadi kifuani, kwa kuwa tangi limekaa juu ya meza ya chuma. Mwenye afya hutoka jasho. Mwenye mkono mmoja anawezaje? Alikuwa akichota kwa jagi, jagi baada ya jagi, asubuhi hadi adhuhuri, akiegemea ukuta. Binti yake, mtoto mwema anayemhudumia baba yake kwa upendo, alipoliona hilo alitaka tangi liondolewe. Alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi. Nilimwelewa, na sidhani kwamba alikosea kumhurumia baba yake.

Vijana wetu wa VIWAWA walipopata habari walijitolea mara moja: watakuja kila Jumamosi, watafanya kila kitu, mzee akae tu kwenye kiti atazame. Nilifurahi, nikampelekea mzee habari njema. Hakufurahi. Aliwashukuru, akanyamaza, kisha akasema, "Padre, mkifanya yote hayo mimi nitakuwa mgeni wa samaki wangu."

Neno hilo lilinirudisha katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Mnaikumbuka habari ya Yethro, mkwewe Musa, aliyekuja jangwani akamkuta Musa ameketi toka asubuhi hadi jioni akiwaamua watu, nao wamesimama foleni mbele yake. Yethro alimwambia waziwazi kwamba kazi ile itamchosha yeye na watu pamoja. Lakini angalieni alichomshauri. Hakumwambia Musa aache, wala hakukalia kiti chake. Alipendekeza kazi igawanywe: mambo madogo yaende kwa wengine, makubwa yabaki kwa Musa. Tunaowahudumia wagonjwa na wazee tuna kishawishi cha kuwapenda kwa kuwanyang'anya. Tunaosha, tunapika, tunaamua, tunajibu simu zao, na mwisho tunashangaa kwa nini mtu aliyepumzishwa kiasi hicho amekuwa na huzuni. Nimeyaona hayo katika nyumba nyingi za parokia hii, na nyumba za mapadre wazee si salama kuliko nyingine.

Basi tulikaa, mzee, binti yake, kijana mmoja fundi bomba na mimi, tukaichambua kazi vipande vipande kama Yethro. Kipi kinahitaji nguvu, na kipi kinahitaji jicho na uzoefu? Cha nguvu kifanywe na uvutano wa dunia, au na umeme, au na vijana. Cha jicho kibaki kwa mzee.

La kwanza lilikuwa kiasi. Mzee aliamini kwamba kubadilisha lita 20 kila juma ni kazi ya kitoto isiyofikia lita 40 za majuma mawili. Nikachukua kalamu. Tuseme nitrati ni miligramu 40 kwa lita. Ukibadilisha lita 40 kati ya 200 kwa mara moja, zinabaki 32. Ukibadilisha lita 20 zinabaki 36, na ukirudia tena lita 20 zinabaki 32 na nukta nne. Tofauti ni kama hakuna! Nimeacha ile inayoongezwa na samaki wenyewe kati ya mara hizo mbili, lakini hiyo huongezeka kwa vyovyote vile. Tena samaki hupendelea hivyo, maana mabadiliko madogo ya joto na ya chumvi hayawashtui. Mzee alikikagua kikaratasi changu kwa muda mrefu, akasema kwamba angejua mapema angeuokoa mgongo wake. Katika Sakramenti ya Kitubio ninalisema jambo hili hili kila Kwaresima, na sina hakika kwamba linasikika: anayekuja mara kwa mara na kidogo anapata urahisi kuliko anayesubiri Pasaka aje na pipa zima.

La pili, maji ya kutoka. Haya hayana haja ya kubebwa hata kidogo. Tangi liko juu, uwanja uko chini, na mpira wa maji ulio wazi ncha zote mbili utayatelemsha wenyewe ikiwa umejaa maji na ncha ya nje iko chini kuliko uso wa maji tangini. Mpira haufyonzwi kwa mdomo. Maji yale yana uchafu wa samaki, na mwenye kiharusi anaweza kupaliwa. Hujazwa kwanza kwenye beseni, ncha zikazibwa kwa vidole, au hufungwa koki kwenye ncha ya nje kama tulivyofanya sisi. Ncha ya ndani tumeivisha kipande cha sponji ili samaki mdogo asivutwe. Mpira unapita dirishani hadi kwenye shimo lililo karibu na mnazi, mti unaoivumilia chumvi. Msiyamwage maji hayo kwenye bustani ya mchicha. Mzee hufungua koki, hutazama kipande cha utepe alichobandika kwenye kioo kuonyesha mahali lita 20 zinapoishia, kisha hufunga. Hainui kitu.

La tatu lilikuwa gumu zaidi: maji ya kuingia, kwa sababu haya yanapanda. Tuliweka pipa la plastiki la lita 100 lenye mfuniko katika ukumbi, nyuma ya mlango, mahali pasipopigwa na jua. Kwa kuwa pipa liko ndani ya nyumba, maji yake yana joto lile lile la tangi, na hilo peke yake huondoa kazi ya kupasha au kupoza. Ndani yake tukazamisha pampu ndogo, tukaikalisha juu ya kopo lililofunikwa kifudifudi ili isivute mashapo ya chini. Mnaponunua pampu ulizeni inasukuma maji hadi kimo gani, si lita ngapi kwa saa tu. Kadiri maji yanavyopandishwa juu ndivyo yanavyotoka kwa uchache, na zipo pampu zinazojisifu sana kwenye boksi ambazo kimo cha meza tu huzishinda.

Ncha ya mpira ilikuwa ikiruka na kumwagia sebule. Fundi bomba wetu alikata kipande cha bomba la plastiki, akakiunganisha kwa viungo viwili vya kona vile wanavyoviita elbo, kikawa na umbo la fimbo ya Askofu. Kinaning'inia ukingoni mwa kioo, hakiendi kokote. Mzee anakiita Mhashamu. Ncha ya Mhashamu haizami majini, na sababu yake ni muhimu: pampu ikizimika, mpira ambao ncha yake imezama hugeuka kuwa njia ya kuyarudisha maji kwenye pipa, na usipokuwapo utakuta tangi limeshuka.

Juu ya umeme sitafanya mzaha. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi. Kabla ya kugusa maji, mzee huzima na kuchomoa pampu ya mzunguko iliyo tangini, ambayo pia ingeungua kama ingebaki ikizunguka pakavu. Nyaya zote tumeziacha zining'inie kwa tao la chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone litelezalo kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Swichi ya pampu ya pipa iko mahali anapofikia akiwa ameketi, na huigusa kwa mkono mkavu.

Iko kazi nyingine ya kila siku ambayo watu huichanganya na hii. Maji ya tangi hupungua kwa kuvukizwa, hasa katika joto la kaskazi, lakini chumvi haivukizwi. Hubaki, na maji yaliyosalia huzidi ukali. Kwa hiyo kinachopungua kwa mvuke hujazwa kwa maji baridi, si ya bahari. Maji ya bomba yana klorini, nayo ni adui wa samaki na wa bakteria wale wema, na visima vingi vya pwani vina chumvi yake visivyoisema. Mzee hutumia maji ya kunywa yaliyosafishwa, kikombe kimoja au viwili asubuhi na vingine jioni, hata yafike kimo chake cha kawaida. Kisha kila Ijumaa hupima uzito wa maji kwa haidromita, akitafuta 1.025. Hizi ni kazi za jicho. Hatukumgusa hapo, na binti yake ameagizwa asimsaidie.

Yamebaki maji yenyewe. Sisi tumejaliwa kukaa mlangoni mwa bahari, lakini si kila maji ya bahari yanafaa. Mzee alitupa masharti, nasi tuliyaandika. Msiteke karibu na bandari wala karibu na mlango wa Mto Msimbazi, ambao hubeba taka za mji mzima. Msiteke wakati wa masika, wala siku za karibu baada ya mvua kubwa. Nendeni upande wa bahari wazi, wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekwisha kujaa na kusimama, kwa kuwa hapo bahari imeleta maji ya mbali. Chujeni kwa kitambaa safi cheupe. Madumu yasiwe yamepata kubeba mafuta wala sabuni. Yakifika nyumbani yafungwe gizani kama majuma mawili, ili vijidudu vilivyomo vife na uchafu utue chini, kisha yapulizwe hewa siku moja kabla ya kutumika. Vijana huteka lita 100 kwa safari moja, nazo zinamtosha mzee majuma matano. Hivyo wanakuja mara moja tu kila majuma matano, wala si kila Jumamosi, na wakija ni wageni wake: wanapewa soda na historia ya meli.

Ndugu yangu mmoja wa Dodoma aliniuliza kwa simu, yeye afanyeje. Mtu wa bara atumie chumvi iliyotengenezwa maalumu kwa matangi ya bahari, aikoroge katika pipa kwa maji yasiyo na klorini, aiache ikizungushwa na pampu usiku kucha, apime, ndipo atie. Asiimwage chumvi moja kwa moja tangini. Chumvi ya mezani haifai kabisa, maana bahari si maji na chumvi ya kupikia tu: ina magnesi, kalsiamu, potasi na salfeti kwa uwiano wake. Shida hii ni ya zamani. Mwingereza Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe na Mkristo mwenye imani kali, alitengeneza maji ya bahari kwa chumvi mbalimbali mwaka 1854, ili watu wa London wasilazimike kusafirisha mapipa toka pwani. Vitabu vyake viliwapandisha watu wengi shauku ya matangi, wakamiminika kwenye vidimbwi vya miambani vya Uingereza na kuvikomba viumbe vyake, na mwanawe Edmund aliandika mwaka 1907 kwa masikitiko jinsi pwani zile zilivyoachwa tupu. Nawaomba vijana wetu walikumbuke hilo kila wanapokwenda na madumu: tunateka maji, hatuchukui kiumbe hata kimoja. Matumbawe yetu yamepigwa baruti na wavuvi wasio na subira, yakapaushwa na joto la mwaka 1998, na hayati Papa Fransisko aliyataja matumbawe ya dunia katika aya ya 41 ya waraka wake wa mwaka 2015, Laudato Si'. Hatutaki kuwa wa kuongeza idadi ya majeraha.

Kuna mama mmoja aliyeniambia mlangoni mwa kanisa, kwa heshima lakini bila kuficha: "Baba Paroko, samaki wa kutazama? Sisi wa kula wenyewe hatuna." Simlaumu, na sikuwa na jibu la kumshibisha. Nilimweleza tu kwamba mafuta ya gari yalitolewa na mtu mmoja kwa ajili hiyo, hayakutoka katika sadaka, na kwamba kapu la wahitaji halikuguswa. Baadaye nilifikiri kwamba ningemweleza pia juu ya mzee aliyeanza tena kunyoa ndevu. Tangu Januari hakuwa akinyoa. Sasa kila Jumamosi saa tatu amekwisha kuoga, amevaa shati, ameketi kwenye kigoda mbele ya kioo na koki mkononi. Kazi iliyomla asubuhi nzima huchukua dakika 25, nami nimempima kwa saa. Mnunuzi amepigiwa simu na binti mwenyewe, akaambiwa tangi haliuzwi.

Juma lililopita nilikuta amebandika utepe wa pili kwenye kioo, mwembamba, juu ya ule wa lita 20. Nilipomwuliza akasema ni wa lita 15, kwa siku ambazo mkono hautaki. Binti yake hakuwa na habari. Alikuwa ameipiga ile hesabu mwenyewe, bila kalamu yangu.

Pipa limebakiwa na maji ya Jumamosi mbili. Bamvua ijayo ni ya mwezi mpevu, na vijana watakwenda siku hiyo maji yakijaa. Wenye madumu ya lita 20 yasiyowahi kubeba mafuta wayalete nyumba ya mapadre baada ya Misa ya pili, yakiwa yameandikwa majina ya wenyewe, ili yarudi. Dumu la bluu lisilo na jina ambalo lipo sakristia tangu safari iliyopita lina mwenyewe, naye aje alichukue.

Nawatakieni Dominika njema.

Padre wenu, Paroko